Maua Wako

Sikuamini mashetani, na hata leo mkinisimulia habari zao nitataka ushahidi. Lakini hili sikusimuliwa. Lilinifika mwenyewe, barazani kwetu Bongwe, mwaka uliofuata Uhuru, nilipokuwa likizoni kutoka chuo kikuu Kampala.

Dada yangu Maua alikuwa na mmea wa jamii ya mpungate, ila hauna miiba. Kipande alipewa na Mzungu mmoja wa Diani aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Maua hakukipanda ardhini. Alikiacha kivulini mpaka kidonda chake kikakauka, akakibana katika makumbi ya nazi na vipande vya makaa, akakitundika kwenye boriti ya baraza. Maji kidogo, jua la asubuhi tu. Ulichanua usiku, alfajiri maua yakanyauka.

"Msomi," alikuwa akinitania, "vitabu vyako vyasemaje? Kwa nini mmea huu unalionea haya jua?"

Safari hii ulibeba matumba mengi, naye yuko kitandani, homa inamchoma. Mjomba alikwenda Ukunda kutafuta gari la kumpeleka hospitali, Msambweni, na hakuwa amerudi. Jua lilipozama Maua akafumbua macho. "Kaka, yakifunguka uniite."

Nikakaa barazani na taa, nayatazama matumba. Ningefanya nini kingine? Ndani, mama alimkanda kwa maji huku akisoma Yasini.

Baada ya magharibi yakaanza kufunguka, meupe, harufu ikajaa uwanja mzima. Nikainuka nikamwite. Mbele yangu alisimama mwanamke wa buibui. Hakupiga hodi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, na buibui lake lilikuwa kavu. Niliona, niaminini, nikajiambia labda alijikinga chini ya mkorosho.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika marahaba.

"Maua wako mzuri," akasema. "Nipe niende naye."

Nikacheka kimoyomoyo. Si mnajua tunavyowacheka watu wa bara kwa kuvuruga Kiswahili? Nikadhani ni mgeni, hajui kwamba maua ni yako, si wako. Tena nilikuwa na haraka, na kwetu kitu kikisifiwa humnyimi mgeni.

"Chukua, mama."

"Umenipa mwenyewe," akasema.

"Wazungumza na nani?" mama akaniuliza kutoka ndani. Niligeuka kumjibu. Niliporudisha uso hapakuwa na mtu, wala unyayo kwenye mchanga uliolowa. Kisha Yasini ikakatika.

Nikaingia. "Maua, yamefunguka."

Mama alikuwa ameushika mkono wake. Hakuniangalia.

Walisema ni malaria iliyopanda kichwani, na ninakubali. Homa ile imeua wengi. Lakini asubuhi nilitoka nikayatazama yale maua. Yote yalikuwapo, yameinamisha shingo kwenye mmea wao. Yule mwanamke hakuchuma hata moja.

Mama alisikia nilivyojibu. Hajanilaumu hata siku moja, ila neno "chukua" halitamkwi tena nyumbani kwetu. Hata sahani ya wali twapeana kimya.

Basi nawe, mtu akisifu kitu mlangoni mwako magharibi, usikimbilie kumcheka Kiswahili chake. Muulize kwanza amemkusudia nani.