Siku Nilipomsahihisha Wairimu Mbele ya Watu

Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1973. Asubuhi ukungu mzito, mchana jua kidogo, halafu saa nane hivi mvua ya mawe. Sasa ni baridi tu.

Leo nimeaibika, na niseme mapema ili msinihurumie bure: hakuna mtu aliyeniaibisha. Nilijipeleka mwenyewe kwa miguu yangu, tena nimevaa koti la marehemu baba yangu, ambalo hunibana makwapani.

Mambo yenyewe ni hivi. Dada yangu mdogo, Wairimu, anaenda chuo kikuu Nairobi Jumatatu, wa kwanza kwetu (mimi niliishia darasa la sita, sasa niko ghala la ngano napima magunia, na Kiingereza changu ni kile cha kwenye magunia). Kuna mwalimu anaitwa Bwana Kirwa, anafundisha huko huko chuoni lakini kwao ni upande wa Soy, na likizo hii yote amekuwa akiwakusanya vijana wanaoenda chuo kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa hapa Eldoret, anawafundisha namna ya kusoma kitabu kizito bila kusinzia, namna ya kuandika huku mtu anaendelea kuongea, na zaidi ya yote namna ya kuandika insha ya Kiingereza cha chuo, ambayo anasema si kama ile ya sekondari, kwa sababu huko hakuna anayejali maneno matamu, wanataka kujua unasema nini na umejuaje. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Kila mmoja angesoma insha yake na wenzake wamuulize maswali, na sisi wa nyumbani tulialikwa kusikiliza. Bwana Kirwa alilisema neno hilo pale mlangoni kwa Kiswahili na tena kwa Kiingereza, kwa hivyo siwezi kudai sikuambiwa.

Mama akasema tukae nyuma karibu na mlango. Mimi nikasema hapana, twende mbele, Wairimu atuone. Basi hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mtu aliyekaa nyuma akipatwa na wazimu hutoka nje taratibu, lakini wa mbele wote wanamwona. Benchi la mbele lilikuwa na Mzee Abdi, Msomali mwenye duka la vitambaa, ambaye kijana wake alikuwa ameshasoma yake na kupigiwa makofi. Mama alipata kiti chake pembeni. Mimi nikakaa mwisho wa benchi, Mzee Abdi mwisho ule mwingine.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja cha kampuni yetu ya shamba, ama hamtanielewa. Mzee wetu, yaani baba, alitoka Timboroa, kwenye kazi ya kukata miti, akaungana na wenzake wakachanga hisa wakanunua shamba la mzungu. Katika mikutano yetu karani husoma kwanza yaliyoandikwa mkutano uliopita, halafu mwenyekiti anauliza, "Kuna masahihisho?" Ukinyamaza, basi yaliyosomwa yamekuwa kweli, hata kama wameandika kwamba ulishakufa. Mwaka wa kugawana ploti, karani alisoma kwamba yetu ni ile ya bondeni kwenye kinamasi, na Mzee alikuwa ameokota karatasi ya kura ya ile ya barabarani, mimi niliiona kwa macho yangu. Mwenyekiti akauliza. Mzee akaangalia kofia yake aliyoishika magotini. Akanyamaza, ikapita, na mpaka leo mahindi yetu husimama majini. Tangu nichukue hisa yake sijanyamaza mkutano hata mmoja. Wananiita Bwana Masahihisho (na nikisema ukweli, jina lenyewe nililipenda).

Basi Wairimu akasimama. Insha yake ilikuwa juu ya watu waliokuwa vibarua wakaja kununua mashamba waliyokuwa wakilima. Alisoma vizuri mpaka nikasahau koti linanibana. Hata mimi nilifuata karibu yote. Halafu akafika mahali akasema (naandika nilivyoelewa) kwamba wakati kumbukumbu za mkutano ziliposomwa kwa uongo, mtu mmoja tu, baba yake, alisimama peke yake mbele ya kampuni nzima akakataa, wakamshinda kwa wingi wao.

Mzee Abdi akasema polepole, "Huyo ndiye mwanaume." Bwana Kirwa akamwambia Wairimu apumzike kidogo, akauliza, "Kuna mtu ana swali juu ya sehemu hii?"

Niseme haki: alikuwa anaangalia wanafunzi. Lakini sauti ilikuwa ile ile ya mwenyekiti, na mimi nikaona kwamba tukipita hapo imepita, itaenda Nairobi ikiwa kweli.

Nikasimama. Nilisimama ghafla, na benchi lenyewe lilikuwa jepesi, upande wa Mzee Abdi ukashuka na yeye akashuka nao mpaka sakafuni, kanzu, bakora na yote. "Wewe kijana!" akasema akiwa chini. "Ungesema unaondoka, tuondoke pamoja!" Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza, na hapo Mungu alikuwa amenipa nafasi nzuri kabisa ya kumwinua mzee, kuomba radhi na kukaa. Nilimwinua. Niliomba radhi. Sikukaa.

Nilitaja jina langu na namba yangu ya hisa. (Namba ya hisa! Kanisani!) Nikasema nina masahihisho. Bwana Kirwa akasema kwa upole, "Bwana, wageni tutawafikia baadaye," na hapo mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, kwa hivyo nikadhani hajanisikia, nikaongeza sauti. Nikaeleza mkutano, karani, karatasi ya barabarani. Mvua nayo ikaongeza. Nikawa napiga kelele kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na mnajua mvua ya mawe ya hapa ilivyo, huacha kama mtu amefunga mfereji. Ikaacha, na mimi bado niko katikati ya maneno.

"HAKUSIMAMA! MZEE ALINYAMAZA!"

Hakuna aliyecheka. Wairimu alikuwa ananiangalia, karatasi mkononi, mdomo wazi kidogo kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto akingoja kuambiwa kwamba ni mzaha. Na mimi, kwa sababu masahihisho bila wa kuyaunga mkono hayaandikwi, nikauliza nani ananiunga mkono. Mbali na mimi, aliyekuwa na habari ya siku ile ni mmoja tu mle ndani, aliambiwa jioni ile ile nyumbani. Nikamgeukia Mama.

Mama hadanganyi mbele ya watu. Aliinua vidole tu, mkono wenyewe ukabaki magotini.

"Mama?" Wairimu akasema, kwa Kiswahili sasa. "Si ni wewe uliniambia?"

"Ulikuwa mdogo," Mama akasema. "Kila siku ulikuwa unaniuliza kwa nini tunaishi kwenye maji."

Bwana Kirwa akaniambia, "Asante, Bwana Kamau, keti sasa," na hakunifokea, ingawa ningefokewa ningejisikia nafuu. Akamuuliza Wairimu kama angependa kuacha. Akatikisa kichwa. Alisoma mpaka mwisho, kila neno, sauti imekauka, na wenzake hawakumuuliza swali hata moja, wao ambao walikuwa wamemhoji kijana wa Mzee Abdi mpaka akatoka jasho. Makofi yakapigwa kwa heshima, kama ya matangani.

Kurudi kwetu Munyaka tulitembea mawe ya mvua bado yako meupe kwenye nyasi. Wairimu mbele, Mama katikati, mimi nyuma na koti. Ngano za watu zilikuwa zimelala chini, na nilitamani mtu aniulize habari ya ngano. Mwishowe nikasema, "Lakini nilisema ukweli, Wairimu."

Akageuka. "Najua ulisema ukweli. Jumanne si nilikuomba nikusomee?"

Ni kweli aliniomba. Nilikuwa navua viatu, nikamwambia nataka kuisikia siku yenyewe, nifurahi pamoja na watu.

"Ungeniambia pale jikoni," akasema. "Ningelia kidogo, halafu ningeandika vingine." Akatembea kidogo, akasimama tena. "Alinyamaza kwa nini?"

Miaka yote hii nimemsahihisha Mzee kila mkutano, na sikuwahi kumuuliza. Nilidhani ni woga. Pengine ulikuwa woga. Pengine alijua mwenye kupewa ile ya barabarani, ama alichoka, ama aliogopa wakianza kugombana shamba lenyewe litarudi kwa benki, sijui, na hakuna wa kusoma hayo mbele yangu ili niseme ndiyo au hapana. Nikamwambia sijui. Mama naye, alipotazamwa, akasema, "Hakuniambia. Mimi sikumlazimisha."

Kwa hivyo naandika hapa, na mkinisikia tena nimesimama mahali nilipoalikwa kusikiliza, mnishike hilo koti mnikalishe: kitu cha nyumbani nitakisema nyumbani, kwanza, kwa sauti ya nyumbani. Lakini nikiwa wa haki, sijui kama hilo ndilo funzo, ama ni kwamba nilitaka tu kuonekana. Nitamsindikiza Jumatatu akikubali.

Jioni Mama alichinja yule jogoo aliyekuwa amewekwa kwa safari ya Wairimu, tukala na mukimo wa viazi na mahindi. Firigisi, kipande cha mwenye nyumba, ni ya Mzee, na tangu afe Mama huiweka kwenye sahani yangu. Akaiweka. Nikaihamishia kwa Wairimu. Wairimu akaitazama, akaichukua kwa vidole akairudisha kwenye sufuria, akafunika, na tukaendelea kula mukimo.