Bombardon Iliyopanda Kadutu kwa Kamba ya Mama

Kama ulikuwa Kadutu, mtaa wetu wa kilimani, Jumapili ile ya mwaka 2019, huenda uliniona na ukacheka.

Uliona kijana mwenye shati jeupe na tai anapanda kilima, baragumu kubwa la shaba limefungwa mgongoni kwa kitenge, na kamba imembana kwenye paji la uso. Alibeba vile vile wanavyobeba mama zetu magunia ya mihogo.

Kijana huyo ni mimi. Naitwa Zagabe.

Naandika kwa sababu hii habari imesimuliwa miaka yote hii na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja na chumvi yake. Leo naisema mwenyewe.

Shule sitaitaja. Iko chini karibu na ziwa, ya wavulana watupu, ya kulipia, na ukuta wake umepandwa maua. Wenyewe wanajijua.

Mimi niliingia kwa bourse, nikisomeshwa bure. Nilitokea Kadutu kwa miguu, wenzangu walishushwa getini na jeep.

Nisiwe mnafiki, ile shule ilinipa vitu. Jumatano masomo yaliisha saa sita, na mchana kutwa kulikuwa na activités: débat, théâtre, basket, informatique, fanfare. Kwa mtoto wa kwetu ilikuwa kama kuambiwa chagua unachotaka kuwa.

Ila sisi wa bourse tulikuwa na mstari wetu kwenye règlement, kanuni za shule. Mwenye bourse asiye na activité anapoteza bourse.

Nilijaribu basket. Kimo kikanikatalia.

Nikaenda théâtre. Mara tatu mfululizo nilipewa nafasi ya mlinzi wa mlango. Mara ya nne nikawaambia watafute mwingine wa kuwafungulia, mimi nimechoka.

Ikabaki fanfare, bendi ya matarumbeta.

Sasa fanfare ya pale ilikuwa na desturi yake. Chombo huchagui. Anayemaliza shule ndiye anayekikabidhi kwa mdogo wake, uwanjani, mbele ya wanafunzi wote. Trompeti zilitoka kwa mtoto wa mkubwa kwenda kwa mtoto wa mkubwa, na mimi nikisimama pale kama mgeni kwenye ubatizo wa watu.

Chombo kimoja tu hakikuwa na mtu wa kukipokea. Bombardon.

Ni lile baragumu kubwa kuliko yote. Mdomo wake unameza kichwa cha mbuzi na pembe zake, na sauti yake inatoka chini kabisa, unaisikia kwenye tumbo kabla ya masikio. Ubavuni lilikuwa na bonde, ungeweza kulaza ngumi mle ndani.

Kila mwaka directeur wa discipline, Monsieur Déogratias, alitusimulia bonde lile lilikotoka.

"Hii chombo ilitoka Goma na bateau, mupya kabisa. Maman mumoja mubeba mizigo akaiangusha ku bandari. Ndiyo munaona? Ukimupa mutu mujinga kitu ya bei, anakurudishia takataka."

Wote walicheka. Na mimi nilicheka.

Nilicheka, na mama yangu ni mubeba mizigo wa bandari.

Firmin, finaliste aliyekuwa anaondoka, akaliinua na kuuliza: "Nani anaitaka? Ila haiingie mu minibus ya shule. Siku ya kutoka, ku kwenu wataisafirisha. Mimi papa alikuwa anatuma jeep."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nikahesabu nilichobaki nacho: hakuna théâtre, hakuna basket, na trimestre inakwisha.

"Mimi," nikasema. "Mama yangu iko na Fuso."

Sijui ile lori ilitoka wapi kichwani mwangu. Ilitoka tu, na magurudumu yake yote.

Monsieur Déogratias akaandika kwenye daftari lake. Firmin akanivalisha bombardon begani. Nilipopuliza mara ya kwanza, njiwa waliruka kwenye paa la kanisa, na Papa Bruno, mwalimu wetu wa fanfare, akasema: "Huyu iko na mapafu."

Jamani, nililipenda lile dude. Miezi mitano nilifika Jumatano kabla ya wote. Mimi niliyekuwa sisemi darasani nikaanza kuinua mkono. Ukishazoea kuishikilia fanfare nzima kwa pumzi yako, swali la jiografia halikutishi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho siku ya Ijumaa.

"Zagabe," Monsieur Déogratias aliniita. "Jumapili tunapiga ku fête ya parokia, kule juu Kadutu. Fuso ya mama yako ikuwe hapa saa mbili. Bombardon isipofika, jina lako inatoka mu fanfare. Na règlement ya bourse unaijua."

Nilipanda nyumbani miguu ikiwa mizito. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anajipaka mawese kwenye paji la uso, pale kamba inapokaa. Miaka ya kubeba imemchimbia mfereji pale, kutoka sikio hadi sikio.

"Zagabe."

"Karame, mama," nikaitikia kwa Kimashi chetu.

"Uso yako haiko muzuri. Walikufukuza?"

Nikamwambia yote. Fuso, daftari, Jumapili. Sikumwambia kuhusu bonde wala kicheko changu.

Nilidhani atanichapa, na ningeshukuru.

"Hiyo Fuso," akauliza, "ulisema iko ya rangi gani?"

"Sikusema rangi, mama."

"Bon. Tuseme bleu."

Alirudi kwenye mawese yake, na mimi sikulala vizuri siku mbili.

Jumapili saa mbili kasorobo fanfare yote tulikuwa getini, viatu vinang'aa. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

Mama akaingia. Kitenge cha bleu, kile cha Pasaka, na kamba yake imekunjwa mkononi.

Monsieur Déogratias alimwendea haraka. "Maman, wabeba mizigo wanapitia mulango ya nyuma."

"Asante, papa. Mimi si mubeba mizigo leo. Mimi ni Fuso."

"Fuso gani?"

"Ile muliandika mu daftari."

Kwanza alicheka mmoja. Halafu wakacheka wote, ishirini na wawili. Chrispin, wa trompeti, alicheka mpaka akakaa chini.

Mama hakuwaangalia. Aliniangalia mimi, na akasema pole pole: "Ama nimekosea shule? Kama nimekosea, naweza kurudia."

Alinipa mlango wa kutokea. Ningesema simjui, naye angeondoka bila kinyongo, nafahamu hilo. Alikuwa tayari kukanwa ili mimi nibaki.

Hapo hasira ikanipanda. Hasira juu yangu mwenyewe, juu ya daftari, juu ya kile kicheko ambacho nami nilikuwa nacheka kila mwaka.

"Hamujakosea," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka nyuma. "Huyu ni mama yangu. Fuso hakuna. Nilidanganya. Hapo unipe punition yangu, monsieur. Lakini ulisema bombardon ifike, na itafika."

Nikaichukua kamba mkononi mwake.

Sasa uelewe jambo moja. Kwetu mwanaume anabeba begani, anabeba kwa mkokoteni, anabeba kichwani akipenda. Kamba ya kwenye paji la uso ni ya wanawake. Hata mlevi hajaribu.

"Toa hiyo kamba," alisema Monsieur Déogratias. "Unataka kuwa mwanamuke mbele ya watu?"

"Nataka kuwa mutoto wa mama yangu."

"Acha chombo hapa. Na wewe ubakie."

Liwalo na liwe. Niligeuka, nikapiga goti, na nikamwambia mama afunge.

Alisita kidogo tu. Kisha akavua kitenge alichojitanda mabegani, akalifunga bombardon mdomo juu, akapitisha kamba chini yake, akaiweka kwenye paji langu na kuivuta.

"Shingo ndiyo inabeba," akaniambia sikioni. "Mikono inashika tu. Na usiangalie juu. Ukiangalia mulima, mulima inakushinda."

Tukatoka. Hakuna aliyethubutu kutufungia geti.

Mpaka mtaa wa Nyawera, kabla ya kilima kuanza, nilikuwa bado najiona mwanaume. Kuanzia pale kwenda juu, shingo iliwaka moto, matope yakaingia kwenye viatu vya kung'aa, na jasho likachanganyika na machozi ambayo sikuwa na mkono wa kuyafuta. Wa moto, wale wa pikipiki, walipunguza mwendo ili wanione vizuri.

"Eh, petit, umeolewa wapi?" mmoja akauliza.

Mama akamjibu kwa niaba yangu: "Ameolewa na kazi. Weye bado unatafuta muchumba?"

Kule Kadutu soko halilali kabisa hata Jumapili. Mama wabebaji walikuwa kwenye ngazi za udongo na mizigo yao. Wakasimama.

"Consolate! Huyu ni mutoto wako wa Collège?"

"Ni yeye," mama akajibu.

"Anabeba kama sisi?"

"Munaona na macho yenu."

Mmoja alipiga vigelegele. Wakaitikia wengine. Nilikuwa nimeogopa macho yao kuliko ya wote, nikidhani wataniona kituko. Badala yake wakanipisha njia, na wawili wakatufuata na mizigo yao wakiimba Kimashi.

Nusu ya kilima tukaikuta minibus ya shule, iliyokuwa imetupita kule chini. Imezama kwenye matope mpaka kwenye mlango, gurudumu linazunguka bure, na wenzangu wamesimama kando, suruali zimerushiwa udongo.

Nilipita. Nakiri tu kwamba nilipita pole pole kuliko ilivyohitajika.

Nyuma nikasikia hatua. Alikuwa Chrispin, trompeti imefungwa kiunoni, ngoma kubwa kifuani, anahema.

"Maman," akamwambia mama, "munifungie na mimi vile."

Mama akamfungia kwa kamba ya mmoja wa wale wanawake. Mtoto wa jeep. Wengine wakafuata, vyombo mikononi na mabegani, na hivyo ndivyo fanfare ya shule ya maua ilivyoingia parokiani: mbele bombardon, nyuma wabeba mizigo.

Tulipiga. Sijawahi kupiga vile tena. Watoto waliweka viganja ukutani wausikie ukitetemeka.

Baada ya misa, Monsieur Déogratias akatupanga uwanjani. Wazazi walikuwepo, mapadri walikuwepo. Mama alikaa kando kwenye jiwe, anakunja kamba yake.

"Muzuri munisikie," akaanza. "Huyu kijana alidanganya shule miezi tano. Alikaidi directeur. Alifanya shule kuwa michezo mu barabara. Fanfare imeisha kwake leo." Akagonga bombardon kwa kidole, pale kwenye bonde. "Munakumbuka hii? Ni maman mubeba mizigo aliiharibu. Na leo munanileteya mwengine."

Mama akainuka.

Alikuja bila haraka, akapiga goti mbele ya bombardon, na akaweka ngumi yake ndani ya lile bonde. Iliingia kama imepimwa.

"Si mwengine," akasema. "Ni mimi."

Mapadri wakasogea karibu wasikie.

"Ni miaka kumi na tano. Mvua ilikuwa inanyesha, na hii chombo ilikuwa mu mugongo yangu. Nikateleza ku ile ngazi ya bandari. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Kulikuwa njia mbili tu: nianguke na tumbo, ama niachilie kamba, chombo ianguke. Nikaachilia."

Akamwangalia directeur usoni.

"Mulinifukuza, papa. Muliniita mujinga mbele ya watu. Sikuwajibu, maana sababu yangu ilikuwa ingali mu tumbo. Leo imesimama pale, imevaa chemise nyeupe. Mukitaka, muiulize ninyi wenyewe."

Miezi mitano nilikuwa nimelikumbatia lile bonde, na kila mwaka nililicheka. Kumbe ndipo nilipookolewa.

Monsieur Déogratias aliinama, akalitazama lile bonde. "Ni weye?" akauliza.

"Ni mimi."

Papa Bruno, ambaye siku zote alikuwa anaogopa kivuli chake, akakohoa. "Directeur, fanfare bila bombardon ni makelele. Mukitoa huyu, na mimi munitoe."

Watu wanapenda kusema directeur alilia na kuomba msamaha. Hakulia. Hakuomba. Sitamtungia mtu machozi. Alisema tu: "Punition ya uongo inabakia," na akaondoka. Nilifagia madarasa wiki tatu, na nilistahili kila ufagio.

Ila jina langu halikutoka. Na ile hadithi ya maman mjinga haikusimuliwa tena pale shuleni.

Nilipomaliza shule, zamu yangu ya kukabidhi ilifika. Nilisimama uwanjani na bombardon mkono huu, kamba mkono huu. Sikuuliza nani ana gari kwao. Niliuliza nani yuko tayari kuvaa vyote viwili. Mikono saba ikainuka.

Leo Jumatano mchana mimi ndiye ninayeshika fanfare ile, Papa Bruno amepumzika. Chombo chochote kikitoka nje, mpigaji anakibeba mwenyewe. Mzazi asiyependa tunamwonyesha geti, lile lile la mbele.

Wewe unayesoma haya na umeandika uongo kwenye fiche ya shule kuhusu kazi ya mzazi wako, nenda kaufute leo. Unayemwonea aibu huenda alishawahi kuangusha kitu cha thamani ili wewe usianguke, na hatakwambia mpaka umlazimishe.

Juzi alikuja fundi, akasema anaweza kulinyoosha lile bonde hadi lisionekane.

Nilimwambia ang'arishe chombo chote anavyotaka. Pale asiguse.