Sifuri kwa Swali la Ziwa

Binti yangu alipata sifuri kwa swali la ziwa, nami nikaenda shuleni kugombana.

Swali lilikuwa hivi: umepokea kwenye simu tangazo kwamba ziwa linatoa gesi ya sumu, watu wahame mji. Utajuaje kama ni kweli? Yeye akaandika: nitashuka ufukweni niangalie kama wavuvi wanaingia majini. Karatasi ya majibu ilitaka muhuri, tarehe, na lugha ya kiofisi.

"Mama, mi nafuata karatasi tu," mwalimu aliniambia. "Muhuri hajautaja."

Muhuri naujua mimi. Mwaka ule ardhi ilipotikisika siku nyingi, tangazo kama hilo liliingia simuni mwangu: Kifaransa safi, muhuri chini. Lingekuja kwa Kinyarwanda ningeuliza watu. Lakini Kifaransa, na mimi nimemaliza sekondari! Nikajiona mjuzi, nikasimama mlangoni kuwatafsiria majirani. Binti alikuwa na miaka tisa. Alitazama kule chini ziwani akasema, "Mama, lakini wavuvi banaingia ku mayi."

"Nyamaza, we."

Tukapanda barabara ya kwenda Nyundo, mbali na ziwa, kwa miguu, mvua inatupiga, mdogo wake wa miezi minne mgongoni mwangu. Tulilala kwenye veranda ya watu. Ziwa halikutoa kitu. Tangazo lilikuwa la uongo na muhuri wake vilevile. Aliyelitunga hajajulikana mpaka leo. Siku ya tano kifua kikamuua yule mdogo.

Hayo yote nilimwambia mwalimu, sikupunguza hata moja. Kisha akasema binti anaweza kujibu upya, maana bila alama hizo hapandi darasa. Ila aandike yanayotakiwa.

Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anayaamini.

"Mi niko na mkaguzi juu yangu, mama," akasema, bila kunitazama.

Nyumbani binti alichukua kalamu, akaniuliza kama awatoe wavuvi. Nilikuwa na hasira ya kuvunja meza. Nilitaka kumwambia awaache palepale, awaongeze na mitumbwi yao na nyavu zao. Nikafikiria mwaka mzima akikaa dawati lilelile na watoto wadogo kuliko yeye.

"Watoe," nikamwambia. "Andika muhuri."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, wala hakuuliza tena. Akapata nane juu ya kumi. Hiyo ni mara ya pili nimemnyamazisha, na mara zote mbili yeye ndiye aliyetazama ziwa.