Tulivyofundishwa Kujizuia

Wiki hii nzima usingizi umenikataa kwa ajili ya swali moja: mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa, ukimlilia, si wewe ndiye unayemuua? Nimeligeuza swali hilo kama ndizi juu ya makaa, upande huu limeungua, upande ule bado ni bichi. Nimemaliza chuo kikuu, nimesoma falsafa, na jibu sikulipata. Kila nikifumba macho naiona Kabondo, mtaa wa utoto wetu hapa Kisangani.

Enzi zile, ninyi mliokua nami mtakumbuka, neno la kwanza kufundishwa mtoto baada ya papa na mama lilikuwa kujizuia. Ukienda kwa watu ukakuta sahani ya lituma inafuka mvuke, ndizi zimepondwa hadi zinang'aa kwa mawese, na kando yake samaki wa mto mwenye pilipili, ulijizuia. Ulisema umeshiba. Wakikukaribisha tena, ulisema tena umeshiba, huku tumbo linakusuta mbele za watu. Mara ya tatu ndipo uliponawa, na tonge la mwisho uliliacha sahanini ili wasiseme kwenu kuna njaa. Mwalimu akikuchapa, ulijizuia kulia. Wakubwa wakiongea, ulijizuia kuuliza. Bibi yetu, mama yake Papa, ambaye sote tulimwita Koko, hakuhitaji hata kulitamka neno lenyewe. Aliinua nyusi, na mkono wako ukarudi mapajani kama mbwa aliyefukuzwa jikoni.

Watoto wa siku hizi, Mungu awasaidie. Mdogo wangu wa mwisho akifika kwa jirani hufunua sufuria kwanza, kisha ndipo anakumbuka kuamkia. Juzi jirani alimwuliza kama ameshiba, akajibu, "Bado kidogo, mama." Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilimwonea wivu.

Na mnaukumbuka mchezo wetu? Wawili mnakaa uso kwa uso, mnatazamana bila kupepesa, na anayecheka kwanza anapakwa masizi ya sufuria kwenye paji la uso. Bingwa wa kushindwa alikuwa Tonton Alimasi, mdogo wake Papa. Alikuwa fundi wa baisikeli, karakana yake ni mbele ya nyumba yetu, chini ya bati moja. Jioni alifuta grisi mikononi, akakaa chini pamoja nasi watoto, akakunja uso kama hakimu. Kabla hujahesabu tatu, mabega yalianza kutikisika, kisha kicheko kinatoka, kile kicheko chake kilichosikika hadi kwenye kisima. Alilala na masizi usoni.

"Ule mutoto wangu," Koko alisema akikatakata sombe, majani ya muhogo ya jioni, "nilimuzaa bila kifuniko."

"Bon, mama, sufuria bila kifuniko ikichemka haimwagi," Tonton alijibu.

"Haimwagi, lakini nzi banaingia."

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo. Mtaa mzima ulifagia barabara na kukata majani, kisha tukapangwa mistari kuimba na kucheza ngoma za kukisifu chama na kiongozi wake. Mbele alicheza mkuu wa chama wa mtaa wetu, mtu mnene aliyebanwa ndani ya abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Jumamosi moja aliinama kwa mbwembwe, na suruali ikapasuka nyuma, kuanzia mshono wa juu hadi chini. Wimbo haukukatika. Watu wazima wote walianza kuchunguza udongo kana kwamba wamepoteza sindano. Koko aliuma ncha ya kitenge chake. Nilimtazama Tonton. Alijizuia, Mungu ni shahidi. Mashavu yalivimba, machozi yakamtoka. Kisha akacheka, kama jioni zile pale nyumbani, na kilichonitisha ni kwamba alicheka peke yake.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameinama juu ya beseni la maji, akitafuta tundu kwenye mpira wa gurudumu. Wanaume wawili walisimamisha gari. "Citoyen, tufuate, dakika kumi tu," walimwambia, kwa sauti ya upole. Alifuta mikono. Aliniambia mimi, mtoto wa kike aliyezoea kuniita mama, "Mama, usiguse ule mpira, narudia kuuziba." Mpira ulibaki majini ukitoa viputo, kimoja kimoja, mpaka upepo ukaisha.

Siku zilipopita bila Tonton kurudi, Koko alikaa chini uani, akafungua kitambaa cha kichwa, akafungua kinywa. Sisi wa Kisangani tunajua kinachofuata hapo. Mikeka hutandikwa, matawi ya mchikichi husimamishwa kwenye mwingilio wa kiwanja, na yeyote anayepita hushuka kwenye baisikeli yake, kwa sababu pale kuna matanga. Lakini Papa, karani wa serikali, alimwahi, akamfunika mama yake mdomo kwa kiganja.

"Mama, ujizuie. Bakisikia matanga hapa, batasema tunalilia adui wa nchi. Batoto banakuangalia. Ujizuie."

Koko alikimeza kilio, akakifunga tena kitambaa chake. Tangu siku ile watoto tulifundishwa jibu: Tonton amekwenda Opala. Majirani walituuliza, tukajibu, nao wakaitikia kwa kichwa: "Aa, Opala. Iko mbali." Wote walijua. Hata mchezo wetu wa kutazamana ulikufa bila mtu kuukataza, maana sasa hakuna aliyecheka, na mchezo usio na mshindwa unachosha.

Miaka imepita. Miguu ya Koko imevimba, na sasa hatoki kitandani bila kushikwa. Wiki iliyopita nilikuwa nikimkanda, akasema polepole, "Batu bote bananiambia Opala iko mbali. Miye nilikulia Lomami, ninajua ule mto, na Opala iko kando yake. Opala haiko mbali hivi." Akanisogezea mguu wa pili. "Nikikufa, nani atamulilia mutoto wangu?"

Nilipeleka neno kwa Papa. Alizima redio kwanza, akachungulia dirishani.

"Wewe umesoma, donc nijibu," alisema. "Kama iko muzima mahali fulani? Utalilia mutu muzima? Si ni kumuzika?"

"Na kama amekufa, Papa?"

"Basi ameshakufa. Koko wako iko muzima, miye niko muzima. Ukuta iko na masikio."

Ndilo swali lililonikalisha macho. Nilimwelewa Papa, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Kwa miaka yote hii tumemweka hai kwa kunyamaza, na kunyamaza huko kunamwua mwanamke aliyemzaa. Hakuna upande uliokuwa safi. Zamani tulijizuia ili tuonekane tumeshiba. Sasa sijui tena tunajizuia ili tuonekane nini, wala mbele ya nani.

Leo asubuhi nilichukua panga, nikaenda nyuma ya kanisa, nikakata matawi mawili ya mchikichi. Niliyaburuta barabarani, watu wakinitazama. Nikayachimbia kwenye mwingilio wa kiwanja, nikatandika mkeka uani, nikamshika Koko chini ya makwapa, nikamkalisha. Papa alitoka, akasimama mlangoni na shati halijafungwa vifungo. Aliyaona matawi. Midomo yake ilianza kulitengeneza lile neno, nami nikaliona, lakini sauti haikuja.

Mzee mmoja alikuwa akipita na baisikeli yenye mfuko wa makaa. Akashuka.

"Pole. Ni nani?"

Jibu la Opala lilikuja lenyewe hadi kwenye meno, kama nilivyofundishwa.

"Tonton Alimasi," nikasema.

Mzee alitazama bati la karakana lililobaki limeinama mbele ya nyumba. "Alimasi ule wa kucheka?" Akavua kofia, akailaza baisikeli yake chini.

Nyuma yangu Koko alifungua kitambaa cha kichwa. Kilio kilitoka kikiwa kimekauka, cha kikongwe, hakikufika hata kwenye kisima. Sikusikia faraja yoyote. Papa aliketi mkekani, na hakuna aliyemwambia mama yake ajizuie.