Niliambiwa Soma, Nikasoma

Aibu hii naieleza mwenyewe kwa sababu pale sokoni Rumonge inaelezwa kila siku na watu ambao hata hawakuwepo, tena wanatia chumvi, juzi nimesikia eti nilizimia. Sikuzimia. Ingekuwa afadhali.

Mimi nauza mawese, nina miaka arobaini na miwili, na tangu utotoni meno yangu ya chini yanatangulia ya juu, kama droo isiyofungika. Nimeoa nayo, nimezaa nayo, hakuna aliyelalamika. Lakini mdogo wangu Fidèle alipopata mchumba, Aline wa Kigwena, ukoo ukanichagua mimi kuwa msemaji wa siku ya posa, nikaanza kujitazama kwenye kioo kila asubuhi (kichwa kilishavimba, nakiri), mwishowe nikapanda gari mpaka Bujumbura kwa daktari wa meno.

Daktari akanieleza kwamba siku hizi hata watu wazima wananyooshwa meno, tena bila zile nyaya. Akanipa vifuniko viwili vya plastiki angavu, cha juu na cha chini, vya kuyasukuma meno polepole, nivivae usiku na mchana, nivivue tu nikila au nikinywa kitu kisicho maji. Akaongeza na kifaa cha kung'ata dakika ishirini kwa siku, kina plastiki iliyopinda kufuata meno, na kinatetemeka bzzz, eti meno yaharakishe safari. (Nikamuuliza kama kweli yanaharakisha. Akasema wataalamu bado wanabishana. Nikamwambia nipe, wao wabishane, mimi nitetemeke.) Nyumbani alijua mke wangu peke yake.

Siku ya posa nilikuwa sijatimiza dakika zangu, nikakitia kifaa kwenye mfuko wa koti pamoja na karatasi ya hotuba, nikisema nitajificha mahali baadaye. Tukafika Kigwena, tukakaa, wao upande huu sisi upande ule. Baba yake Aline, Mzee Silvestre, akaonja rwarwa, ile pombe ya ndizi, kutuonyesha ni salama, akanikabidhi kibuyu kwa mikono miwili na kuniambia kwa Kirundi, "Soma, mwana wanje."

Sasa, kwa Kirundi soma ni kunywa, kupiga funda, hata mtoto anajua. Na kinywaji cha wakwe hakikataliwi, ukikikataa umemkataa na binti yao. Lakini kuvivua vile vifuniko kunataka vidole ndani ya mdomo, mlio wa tak, na uzi mrefu wa mate, mbele ya wakwe wote! Nikaamua jambo dogo tu: kujifanya nimesikia Kiswahili. Nikaweka kibuyu chini kwa heshima, nikavuta karatasi, nikasoma.

"Wazhee wangu, shishi ni watu wa amani..." (ile plastiki inaharibu matamshi, hilo daktari hakuniambia). Fidèle alinikazia macho mpaka nikapoteza mstari. Na kumbe nikivuta karatasi nilikuwa nimegusa kitufe. Mfuko ukaanza: bzzzzz.

"Iko telefone yako," Mzee akasema. "Itika, baba, labda ni nyumbani."

Ningeweza kusema lolote jamani. Badala yake nikatoa kile kifaa, nikakifunika kwa kiganja, nikakiweka sikioni nikasema, "Allo?" Na kwa kuwa mtu hasemi allo akanyamaza, nikaendelea, nikauliza hali ya watoto, nikaagiza madumu mawili ya mawese, huku sikio linatetemeka, taya linatetemeka, na sauti nayo inafuata.

Shangazi yake Aline, aliyekaa karibu yangu, akainama akachungulia chini ya kiganja. "Yesu! Hii telefone iko na meno!"

Watu wakasimama. Mmoja akasema ni dawa tumeleta ya kumfunga binti. Mzee akachukua kibuyu chake. "Anakataa kinywaji yangu, halafu analeta kitu inanguruma. Mutoto wangu hatoki hapa."

Fidèle akafunika uso kwa mikono. Hapo niliumia kweli, maana yeye ndiye aliyekuwa anapoteza mke, kwa ajili ya meno yangu mimi.

Nikapiga magoti, nikaingiza vidole. Tak. Tak. Mate yakafuata, marefu kuliko siku zote. Nikainua vifuniko juu wote wavione, nikaeleza kila kitu, kioo, Bujumbura, dakika ishirini, kisha nikaomba kibuyu.

Mzee akanikagua mdomo kwa muda mrefu. "Na zamani meno ilikuwa wapi?"

"Mbele, mzee."

"Na sasa?"

"Bado iko mbele."

Mabega yakaanza kumtikisika, tukadhani analia, kumbe anacheka, shangazi akacheka, mpaka Fidèle msaliti akacheka. Nikarudishiwa kibuyu. "Soma." Nikasoma mpaka nikaona kitako chake.

Aline tulipewa, kwa sharti kwamba siku ya harusi msemaji awe mtu mwingine. Meno naendelea kuyanyoosha, ila kile kifaa nimeapa hakitoki tena chumbani. Na mtu akiniambia soma, hata akiwa mwalimu wa mwanangu ananinyooshea daftari, mimi nauliza kwanza kibuyu kiko wapi.