Kukaanga Pilipili Upande wa Moshi

Kuna siku moja hainitoki, Mwanangu. Kila baridi ikiingia huku milimani huja yenyewe bila kuitwa, inakaa nami jikoni. Ilikuwa msimu kama huu, ukungu umelala kwenye migomba na jua halijulikani liko wapi, nami nimechutama mbele ya moto na kigae cha pilipili. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu niolewe.

Niliolewa hapa Magamba nikitokea Mazinde. Wewe ukipita kwa basi unaona Mazinde ni nyumba za kando ya barabara na mkonge tu, lakini ndiko nilikozaliwa, kwenye joto la kulala mlango wazi. Nikapandishwa huku juu kwenye baridi ambayo sikuwa nimeiwazia. Asubuhi ya kwanza nilitoa pumzi nikaona mvuke unatoka mdomoni mwangu, nikamwita mume wangu, Athumani, nikidhani naumwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa mtu mbaya Athumani, Mungu amrehemu. Alikuwa kibarua wa kupanda miti msituni, anaondoka alfajiri, anarudi jioni na harufu ya misonobari kwenye koti.

Mama mkwe wangu aliitwa Bi Halima. Alikuwa mwembamba, mwenye hatua za haraka, na pilipili zake zilijulikana mpaka sokoni Lushoto. Pilipili kichaa, zile ndogo ndogo zinazosimama zikitazama juu. Huku kwetu si mahali pake, mtu akizipata mpaka zizae ni kwa kuzibembeleza. Yeye alizipanda nyuma ya jiko, zikiegemea ukuta, zipate joto la moto wa ndani. Ukungu ukianza kulala siku nzima, majani husinyaa na pilipili hudondoka zenyewe, kwa hiyo zilizoiva huchumwa upesi. Na kuanika hakuna. Ukianika wakati wa baridi zinaota kuvu, ndiyo maana tunazikaanga. Unaweka kigae cha chungu kilichovunjika juu ya mafiga, moto mdogo, unazigeuza taratibu kwa kijiti mpaka ziwe kahawia, na ukizitikisa mbegu zinalia ndani. Kisha zinakwenda kinuni pamoja na chumvi.

Moshi wake sasa. Wewe umeonja ule wa kwenye sufuria ya mafuta mjini, huo ni mchezo. Huu wa kigae unashuka kooni kama umetumwa. Mwajuma, jirani yetu wa mteremko wa chini, akishaanza kupiga chafya alikuwa akipaza sauti, "Bi Halima, leo unatuua wote au utabakisha?" Na Bi Halima anamjibu, "Wewe nitakubakisha, Mwajuma. Ukifa nani atanisengenya?"

Kazi ile hakuna mtu aliyeitaka. Mimi niliiomba.

Nikueleze kwa nini. Mama yangu mzazi, Zaina, nilimwacha peke yake Mazinde. Baba alishafariki, dada zangu Rukia na Sikudhani walishaolewa mbali, mimi nilikuwa wa mwisho. Siku ninaondoka, mama akiwa ananifunga khanga, aliniambia sikioni, "Usirudi mpaka uitwe au utumwe. Mwali akirudi mwenyewe, watu husema ndoa imemshinda." Nikalimeza neno hilo kama dawa chungu, nikapanda nalo huku juu.

Habari zake nilizipata kwa Rajabu, utingo wa lori lililokuwa likishusha kabichi kwenda bondeni. Likirudi, Rajabu alikuwa akinikuta kwenye njia ya maji. Siku zote alikuwa na salamu ile ile, kwamba mama yako mzima, anauliza kama baridi imeshakumaliza. Nikicheka, naye anacheka, basi. Mpaka siku moja akaniambia, "Mama yako mzima, ila siku hizi anakaa barabarani."

"Anauza nini?"

"Hauzi kitu. Anakaa tu. Lori lolote likisimama, anasimama."

Mwanangu, maneno hayo yalinikata. Nilitamani kuacha ndoo palepale niteremke kwa miguu. Lakini ningeomba vipi ruhusa? Sikuitwa wala sikutumwa. Nikisema nataka kwenda kwetu, nitakuwa nimeitia aibu nyumba ya mume wangu, na nitakuwa nimemtia aibu mama kwa jambo lile lile alilonionya. Nikanyamaza. Na kunyamaza mchana kutwa mbele za watu ni kazi kubwa kuliko kulima.

Ndipo pilipili zikaiva. Siku ya kwanza Bi Halima aliponipa kigae nigeuze kidogo, machozi yakanitoka kama ya kila mtu, na katikati yake nikagundua kwamba namlilia mama, na hakuna anayeniuliza. Niliona nimepata mahali. Siku hiyo hiyo nikamwambia mama mkwe, hii kazi niachie mimi. Bi Halima akafurahi, akazunguka kwa majirani akinisifu kwamba amepata mkamwana kutoka joto la Mazinde asiyeogopa baridi wala moshi. Mimi nikawa kila siku nakaanga kidogo, nalia kidogo, nanawa uso, naendelea na kazi nyingine. Nilidhani nimejua kuishi.

Zikaisha. Siku hiyo ninayokuambia nilikwenda nyuma ya jiko na kikapu, sikuona hata moja nyekundu. Zilibaki za kijani, ngumu, zisizo na harufu. Ningerudi ndani nifanye kazi nyingine. Lakini Rajabu alikuwa amepita jana yake, na salamu zilikuwa zile zile za barabarani, na kifua changu kilikuwa kimejaa. Nikazichuma mbichi. Nikamaliza shina moja, nikahamia la pili, mpaka kikapu kikajaa.

Pilipili mbichi haikaangiki, Mwanangu. Inatoa povu, inapasuka, inanuka kama majani yaliyochomwa. Bi Halima alikuwa akirudi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Aliinusa harufu hiyo toka njiani. Akatua mzigo, akaja akasimama mlangoni.

"Nani amekutuma kuchuma hizi?"

"Baridi, mama. Niliona zitadondoka."

"Baridi hii naijua tangu hujazaliwa. Hizi zilikuwa na siku zake bado."

Alitazama kikapu, akatazama moshi, kisha akanitazama mahali nilipochutama. Upepo ulikuwa unashuka kutoka msituni kama kawaida yake, ukipenya jikoni, na moshi wote ulikuwa unanijia mimi usoni.

"Mwanahawa, mtu anayekaanga pilipili hukaa wapi?"

"Popote, mama."

"Hukaa upande upepo unakotoka, moshi uende mbele yake. Hata mtoto anajua. Wewe tangu uanze unakaa mdomoni mwa moshi. Nilikuwa nasema moyoni, labda watu wa Mazinde hawaujui upepo."

Nilijaribu kucheka, kicheko kikakatika katikati. Bi Halima akashika kigae kwa majani ya mgomba, akakitoa nje, akarudi akakaa kwenye kigoda. Moshi ukapungua, ukaisha, jiko likawa jeupe. Machozi yangu yakaendelea.

"Haya," akasema. "Sasa hayo ni ya nani?"

"Ya mama."

"Amefariki?"

"Hapana. Anakaa barabarani."

Nikamwambia yote, mpaka neno la sikioni. Nilitegemea anionee huruma. Alikasirika.

"Kwa hiyo nimekaa ndani ya nyumba yangu na mtu anayelia, mimi nakwenda kujisifu kwa Mwajuma. Umenifanya mjinga, mwanangu. Na mama yako umemwacha asimame kila lori likisimama. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Mtasema ndoa imenishinda."

"Tungesema. Kisha tungenyamaza. Watu husema, halafu wanaingia ndani kupika."

Akaanza kuondoa vijiti vya majani kwenye khanga yake. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa nyingine.

"Mimi wangu anaitwa Zubeda. Mtoto wangu wa kwanza. Alimfuata mume huko Kilindi, na huko hakuna lori linaloniletea habari zake. Siku anaondoka nilimwambia maneno hayo hayo ya mama yako, usirudi mpaka uitwe. Nilidhani namfundisha adabu. Sasa namwita kila siku, sijui kama anasikia. Labda naye yuko jikoni kwa watu, ameukalia moshi, na wenyewe wanamsifu."

Nilikuwa sijawahi kusikia jina hilo ndani ya nyumba ile. Mwaka karibu mzima nimekula naye sahani moja, sikujua kama ana mtoto anayeitwa Zubeda. Tulikuwa wawili jikoni, kila mmoja na wake, na tulikuwa tunaulizana habari za chumvi.

Jioni tukiwa tunakula akamwambia Athumani, "Kesho kutwa mkeo anashuka Mazinde."

Athumani akaacha tonge mkononi. "Ana kosa gani?"

"Hana kosa. Ana mama."

Athumani akanitazama, akamtazama mama yake, akamalizia tonge lake. Baadaye aliniuliza kwa nini sikumwambia, nikamwambia kweli sikuwahi hata kujaribu.

Bi Halima alitwanga pilipili zilizobaki kwa mkono wake, zile nyekundu za mwanzo zilizokwisha kukaangwa, alizokuwa amejiwekea, akazijaza kwenye kopo, akafunga kwa kitambaa. Nikapanda lori la Rajabu. Tuliposhuka zile kona za kwenda Mombo joto lilikuwa linapanda kutufuata, nikavua sweta, nikafungua khanga ya mabegani, na mwili wangu ukaanza kuyakumbuka mambo yake.

Alikuwa palepale alipopasema Rajabu, amekaa juu ya jiwe, mikono magotini. Lori likasimama, naye akasimama. Nikashuka nikamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufukuza?"

"Sijafukuzwa. Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na mama mkwe. Amesema nikae nawe mpaka nichoke."

Hakuamini. Macho yake yalikuwa yananikagua kama nina jeraha. Nikampa kopo. Akafungua kitambaa, akanusa, akapiga chafya ambayo hata Rajabu aliisikia kule kwenye lori. Akasema taratibu, "Anayemfukuza mtu hamfungashii pilipili." Ndipo akanishika.

Siku hizo tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na dagaa, na zile pilipili, jasho likimtoka mama usoni, akisema hizi za baridini zina hasira kuliko za kwetu. Barabarani hakwenda tena nilipokuwepo. Alikuwa anazunguka nyuma yangu chumba hadi chumba akinisimulia mambo niliyokwisha kuyajua. Nilimwacha asimulie. Kila baridi baada ya hapo nilishuka, na Bi Halima ndiye alikuwa wa kwanza kuniuliza mbona bado hujafunga mzigo. Mpaka ikaja baridi ambayo sikuwa na mtu wa kumshukia. Sasa nikipita Mazinde ninatazama tu dirishani, sishuki.

Na Zubeda, Bi Halima alimpelekea wito kwa kila mtu aliyekuwa na safari ya upande ule. Sikumwona akija. Lakini mpaka mwisho wake mama mkwe alikuwa akilitaja jina hilo wazi wazi, mbele ya wageni, mbele ya wajukuu, na sisi wote tukamjua Zubeda kama tuliyemlea.

Mwanangu, shule yangu ilikuwa fupi, lakini hili nimelisoma vizuri. Ninyi mna simu mikononi. Nikikupigia unaniambia niko salama, bibi, na sauti ni ya mtu aliyetoka kulia, nikikuuliza unasema ni mafua. Mafua gani ya kila siku? Kama umemkumbuka mtu, mtaje kwa jina, umtajie aliye karibu nawe, mwenye nyumba uliyofikia, mume, mke, hata rafiki wa kazini. Usingoje uitwe. Anayekusubiri hajui kama umekatazwa na hofu yako mwenyewe, yeye anajua tu kwamba hukuja. Na ukiwa wewe ndiye mwenyeji, umepokea mkamwana, au mpangaji, au mfanyakazi wa ndani, usifurahie tu kwamba hachoki. Kaa naye, moto ukiwa umetulia, umuulize kwao ni nani na nani. Mwache ajibu mpaka amalize. Na wewe mwambie wako.

Mungu akuweke, akupe afya na miguu ya kuwafikia unaowakumbuka wakati wangali wapo. Asikunyime kamwe mtu wa kumtaja, wala mtu wa kumtajia. Amina.