Boti Yetu ya Makombora Mawili

Siku ya kwanza niliporipoti kwenye boti yetu ya doria, bandarini Rumonge, kando ya ziwa, Kamanda alinipa kitambaa. "Mutoto, anza kupangusa." Mimi niliyesomea rada miezi mingi ughaibuni, napewa kitambaa! Nilinuna, lakini nilipangusa.

Nyinyi vijana mnadhani kombora ni lazima libebwe na meli kubwa. Wapi! Yetu yalikuwa mawili, ya masafa mafupi, yamekaa ndani ya makasha nyuma ya boti ndogo yenye mbio. Kazi yake ni kuvizia meli: unasogea, unafyatua, unageuka unakimbia. Puani kombora lina rada yake ndogo, nalo hufuata kile kikubwa linachokiona. Halijui adui wala shemeji.

Kamanda alikuwa mtu wa chai na matani. Akikukaripia, baadaye anakumegea mkate wake. Nilimpenda mzee yule, Mungu anajua.

Asubuhi moja tuliambiwa kuna meli ya watu wenye silaha imevuka ziwa. Kweli, mbele ya ufuo wa Minago, rada ikanionyesha kitu kikubwa kinakuja polepole. Nikapaza sauti:

"Kamanda, iko moja, kubwa. Iko ndani ya masafa. Tupige?"

"Umeiona na macho?"

"Nimeiona na rada. Tukisogea, watatupiga sisi kwanza!"

"Basi watupige. Kombora ikishatoka, nani ataiita irudi? Twende."

Tukaenda, mimi nikisali kwa sauti. Loo! Walikuwa wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wakirudi asubuhi hufunga mitumbwi yao pamoja, yote ivutwe na injini moja, kubana mafuta. Kwenye rada yangu, kundi zima lilikuwa meli moja. "Amahoro! Munataka ndagala?" mmoja akaita, akitusalimu kwa amani. Nyuma yake, juu ya nyavu, kaka yangu mkubwa, aliyerudi juzi tu kutoka ukimbizini Tanzania, alikuwa amelala mdomo wazi.

Kamanda alinunua ndagala. Mimi nililia, wala sikujificha.

Nimestaafu bila kufyatua kombora hata moja. Vijana wa mtaani wananicheka: askari gani huyu? Wacheke tu. Mwaka jana tulimzika Kamanda. Askari walipojipanga kubeba jeneza, kaka aliwasogeza kwa kiwiko, mvuvi na kandambili zake, akashika mbele. Hakuna aliyemzuia.